Fundi, GB 4 zangu zinaliwa na nini?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo huku Ng'ong'ona, karibu na chuo. Nachapa na kutoa kopi kazi za wanafunzi. Laptop yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, diski ngumu GB 500, Windows 10. Nikiiwasha asubuhi nafagia duka zima, nachota maji, nikirudi bado inazunguka. Juzi mzee mmoja mstaafu alileta disketi mbili kubwa nyeusi, akauliza kama naweza kumtolea barua zilizomo. Nilipomwambia sijawahi kuziona alicheka, akasema enzi zao kompyuta ilikuwa na RAM ya KB 640 na haikuwasumbua hivi. Ni kweli au ananitania? Kama ni kweli, hizi GB 4 zangu zinaliwa na nini? Na je, ninunue laptop nyingine? Disketi zake bado ziko kwangu."

Marahaba, binti yangu. Huyo mzee hakutanii. Hesabu yake ni sahihi kabisa, na laptop yako ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, zaidi ya mara 6,500 ya ile aliyotumia yeye. Ila kuna kitu hakukwambia, pengine amekisahau kama mtu anavyosahau njaa akishashiba. Ile kompyuta yake nayo ilikuwa ikimchelewesha, isipokuwa ilimchelewesha mahali pengine.

Kundi la ng'ombe likirudi kutoka malishoni halifiki nyumbani kwa mwendo wa dume. Linafika kwa mwendo wa ndama anayechechemea nyuma. Kompyuta ni hivyo hivyo. Nimeshika bisibisi hapa Dodoma zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo ndama amebadilika mara nyingi. Leo ni RAM, kesho ni diski, keshokutwa ni waya wa simu. Ukimpelekea fundi laptop nzito naye akakuambia "piga Windows upya" kabla hajatazama chochote, jua huyo anamchapa fimbo dume wa mbele.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza na mashine za taipu, kwenye chumba kimoja mtaa wa Uhindini, nikisafisha herufi kwa mswaki na petroli. Kompyuta wakati huo tulizisikia tu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, na hata masharti yalipolegezwa, zilizofika huku katikati ya nchi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, nyingi za miradi. Mwaka 1989 mwajiri wangu aliniambia kuna ofisi imeharibikiwa na "taipu yenye televisheni", nikaitazame. Nilienda na brashi yangu na chupa ya mafuta.

Ilikuwa kompyuta ya aina ya XT, ile ambayo IBM iliitoa mwaka 1983 baada ya PC yao ya kwanza ya 1981, ila hii ilikuwa imeigizwa na kampuni nyingine. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa ya Intel 8088, ya MHz 4.77. RAM KB 640, diski ngumu MB 10, skrini maandishi ya kijani. Karani alinionyesha tatizo. Akichomeka disketi, mashine inakoroma, inaandika ujumbe wa Kiingereza, inakataa. Sikujua lolote kuhusu kompyuta, lakini nilipofungua mdomo wa disketi na kumulika tochi nilikiona kitu ninachokijua. Mle ndani kulikuwa na hedi ya kusomea, ndugu yake kabisa hedi ya redio kaseti, nayo imevaa koti la vumbi jekundu. Ulikuwa mwezi wa nane, na wewe unaujua upepo wa hapa mwezi wa nane. Nilichovya pamba kwenye spiriti, nikaifuta mara tatu, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Tukachomeka disketi, ikasoma. Ile chupa ya mafuta sikuifungua, na namshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa turudi kwenye swali lako. KB 640 zilitoshaje?

Skrini ya mzee wako ilikuwa na mistari 25, kila mstari herufi 80. Jumla herufi 2,000. Kila herufi ilichukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi au mng'aro wake. Kwa hiyo skrini nzima iliyojaa maandishi ilikuwa baiti 4,000, yaani hata KB 4 hazifiki. Yako wewe, kama ni ile ya kawaida ya laptop za mtumba, ina nukta 1,366 kwa 768. Hizo ni nukta zaidi ya milioni moja, na kila moja inabeba baiti nne za rangi. Picha moja tu ya skrini yako, kabla hujafungua chochote, inakula zaidi ya MB 4. Kompyuta ya mzee ungeijaza mara sita na bado usingepata nafasi ya kuweka picha ya meza yako tupu.

Halafu yeye alifungua programu moja kwa wakati. Akitaka kuandika barua anafungua WordPerfect; akitaka mahesabu anaifunga, anafungua Lotus 1-2-3. Wewe sasa hivi una kivinjari chenye kurasa kumi na mbili, na vivinjari vya siku hizi kila ukurasa vinaupa chumba chake, ili mmoja ukianguka usiziangushe nyingine. Ni mpango mzuri, lakini vyumba vinakula nafasi. Ongeza WhatsApp ya kwenye kompyuta, ongeza kizuia virusi, ongeza masasisho yanayojishusha yenyewe. Humo ndimo GB zako zinamoishia, na hakuna aliyekuibia.

Niseme na jambo moja ambalo vijana hunibishia. Wapiga chapa wa WordPerfect walikuwa na kasi kuliko wewe. Juu ya kibodi walibandika kipande cha plastiki chenye maelezo ya vitufe. F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapisha. Hawakuwa na mausi ya kutafuta-tafuta. Dada mmoja aliyekuwa akichapa kumbukumbu za vikao alikuwa anamaliza ukurasa huku anakutazama usoni na kukuuliza habari za watoto.

Lakini ndama alikuwepo. Alikuwa ni disketi na printa. Kufungua programu kutoka kwenye disketi ulikuwa unasubiri huku ukiisikiliza inavyokwaruza. Printa ya pini ililia kama cherehani bovu, na ripoti ya kurasa 40 ilikula asubuhi nzima. Na hata kuwasha: mashine ilihesabu RAM yake mbele ya macho yako, KB 64, KB 128, taratibu, mpaka ifike 640 ndipo ikubali kuendelea. Mzee wako alikuwa anafagia ofisi vile vile.

Miaka ya 90 zikaja kompyuta za prosesa za 386 na 486, na ugonjwa ukahamia kwenye betri. Kompyuta za wakati huo hazikuitambua diski yenyewe. Ilibidi uziambie: ina hedi ngapi, silinda ngapi, sekta ngapi, na namba hizo zilitunzwa kwa nguvu ya betri ndogo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Betri ikifa, kompyuta inasahau kwamba ina diski. Maji yakishuka bwawa la Mtera na mgao wa umeme ukaanza, mashine zilikaa zimezimwa muda mrefu, betri zikawa zinakufa kwa zamu. Nilijifunza kuandika namba hizo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha kila mashine niliyoifungua. Mpaka leo, nikifungua boksi la zamani huku Makole au Kikuyu nikakuta mwandiko wangu ndani, nafurahi kama mtu aliyekutana na mtoto wake wa ubatizo.

Windows 95 ndiyo iliyonionyesha ugonjwa wako kwa mara ya kwanza. Boksi liliandikwa kwamba inahitaji RAM ya MB 4 kwa uchache. Watu wakaiweka kwenye mashine za MB 4. Ikawaka, kweli, lakini taa ya diski haikuzimika. RAM ikijaa, Windows huchukua vitu visivyotumika kwa wakati huo na kuviweka kwenye diski, ukivihitaji inavirudisha na kutoa vingine. Ni kama mama mwenye sufuria moja anayepika ugali, mboga na chai. Vyote vitaiva, ila kila mara lazima amimine kwanza kwenye bakuli. Sasa tazama: Windows 11 nayo imeandikwa inahitaji GB 4 kwa uchache. Tarakimu ile ile, kipimo kimekua mara 1,024, na taa ya diski haizimiki vile vile. Neno "kwa uchache" la watengenezaji, binti yangu, lisome hivi: itawaka.

Hapa niruhusu nikupe kisa kirefu kidogo, maana kinahusu diski na kinahusu tarehe.

Mwaka 1998 kilianza kuenea kirusi kilichoitwa CIH, herufi za jina la mwanafunzi wa Taiwan aliyekiandika. Kilijificha ndani ya programu za Windows 95 na 98, kikakaa kimya bila kuongeza hata ukubwa wa faili. Toleo lililoenea zaidi liliwekewa siku ya kulipuka: tarehe 26 Aprili. Sasa wewe Mtanzania unaijua tarehe hiyo. Mwaka 1999 iliangukia Jumatatu, Sikukuu ya Muungano, ofisi zote zimefungwa. Nchi nyingine kompyuta zilikufa kwa maelfu siku hiyo. Za hapa mjini nyingi zililala zimezimwa, Jumanne zikaamka na tarehe 27, kirusi kikiwa bado kimo ndani lakini siku yake imempita.

Isipokuwa moja. Mhasibu wa ofisi ambayo sitaitaja alikuwa na ripoti ya kuwasilisha, akaja kazini sikukuu. Aliwasha mashine, akafanya kazi kidogo, ikaganda. Akaizima na kuiwasha tena. Skrini nyeusi. Feni inazunguka, hakuna mlio, hakuna herufi hata moja.

CIH kilifanya mambo mawili. Kwanza kilifuta MB 1 ya mwanzo wa diski, mahali penye ramani ya diski yenyewe. Pili, kwenye baadhi ya mazabodi, kilifuta BIOS, yaani yale maelekezo ya kwanza kabisa yanayoiambia kompyuta jinsi ya kuamka. Mazabodi isiyo na BIOS ni kama mtu aliyelala asiye na wa kumwamsha. Huwezi kuiponya kwa disketi, kwa sababu haijui hata kusoma disketi.

Kwenye ofisi hiyo hiyo kulikuwa na mashine pacha, iliyonunuliwa siku moja na ile. Nilifanya kitu ambacho leo nisingemruhusu mwanafunzi wangu akifanye. Nililegeza chipu ya BIOS ya pacha mzima, kitu cheusi chenye miguu 32, nikapitisha uzi wa cherehani chini yake pande zote mbili, nikairudisha bila kuikandamiza. Nikawasha kwa disketi safi ya DOS, mfumo uliotangulia Windows. Kompyuta ikishaamka huwa imenakili BIOS kwenye RAM, haiitaji tena ile chipu mpaka uizime. Nikahifadhi nakala ya BIOS kwenye disketi, kisha, umeme ukiwa unapita, nikashika ncha za uzi na kuivuta chipu juu taratibu. Mkono ukiteleza na miguu ikagusana, una mashine mbili mfu badala ya moja. Ikatoka. Nikapachika ile chipu iliyokufa, nikaamuru programu iandike. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni, hataki kutazama. Baada ya dakika moja hivi ilimaliza. Nikarudisha kila chipu kwake, na ile mashine iliyokufa ikalia "tii" moja. Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Diski nayo tuliipata, kwa bahati ya jinsi ilivyopangwa. Mfumo wa FAT32 huweka ramani ya mafaili nakala mbili, moja nyuma ya nyingine. Kirusi kilikula mwanzo wa ile ya kwanza, ya pili hakikuifikia. Nilikaa siku mbili nikinakili ya pili juu ya ya kwanza na kuandika upya jedwali la mwanzo kwa mkono. Ripoti ilipatikana. Tangu siku hiyo kazi yangu ilibadilika bila mimi kupanga: watu waliacha kuniuliza kama mashine itapona, wakaanza kuniuliza kama faili zitapona.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mazabodi za miaka ya 2000 mwanzoni zilikuja na kapasita mbovu, zikawa zinavimba vichwa na kuvuja, nilichomelea mamia. Intaneti ya simu ya modemu ya 56K ilishusha, siku ikiwa nzuri, KB 5 kwa sekunde, kiasi kwamba faili la kujaza disketi moja ya MB 1.44 lilikuhitaji dakika tano. Hapo ndama alikuwa waya. Halafu zikaja sahani za setilaiti, ambazo ishara hupanda kilomita 36,000 na kushuka tena, ukibonyeza kitu unasubiri jibu kama unamwita mtu ng'ambo ya korongo. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na nyaya kusambaa kuja bara, huyo ndama akapona. Wakati huo huo flashi zikaleta virusi vya njia ya mkato, vinavyoficha mafolda ya mwanafunzi na kumwachia picha zake bandia. Na serikali ilipohamia huku kuanzia mwaka 2016, kazi ziliongezeka mpaka nikaajiri vijana wawili. Wananitania kwamba mjini kuna Mtumba mbili, ule Mji wa Serikali na hizi laptop, na sisi tunaishi kwa zote.

Sasa laptop yako.

Diski ngumu ya ile XT ya kwanza ilizunguka mara 3,600 kwa dakika. Diski ya laptop yako, kwa kawaida, huzunguka mara 5,400. Miaka zaidi ya 30 imeongeza nusu tu! Prosesa katika muda huo ilitoka MHz 4.77 hadi zaidi ya MHz 2,000. Yaani dume ameongeza mbio mara mia nne na zaidi, ndama ameongeza nusu tu ya mwendo wake.

Mara 5,400 kwa dakika ni mara 90 kwa sekunde. Hedi ikitaka kipande cha data, kwanza ihamie kwenye mstari wake, halafu isubiri kipande kizunguke hadi kifike chini yake. Kwa ujumla hiyo ni zaidi ya sehemu 10 za elfu ya sekunde. Unaona ni kidogo, lakini maana yake ni kwamba vipande vilivyotawanyika inaviokota chini ya 100 kwa sekunde, na Windows ikiamka inaomba maelfu. Hapo ndipo unapochota maji. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka wala hedi ya kuhama. Hata ile ya kawaida ya SATA hujibu maombi kama hayo kwa maelfu kila sekunde. Katika miaka yangu yote sijaona kipande kimoja kinachobadilisha mashine kama hicho.

Usiniamini kwa maneno. Kesho asubuhi iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Performance. Tazama mistari mitatu: prosesa, RAM na diski. Nabashiri diski itakuwa imekaa 100% na prosesa inapiga miayo. Ikiwa ni hivyo, weka SSD ya GB 256. Bei yake haifiki hata robo ya laptop mpya. Kabla ya hapo nakili kazi zako zote mahali pengine, na usikubali mtu "akupigie Windows" kabla hujanakili.

RAM uongeze iwe GB 8, kama kuna nafasi. Ifunguliwe kwanza itazamwe. Nyingine zimechomelewa kwenye mazabodi moja kwa moja na hazina mlango. Na usinunue RAM kwa kukisia. Kuna aina tofauti: za DDR3L na za DDR4 zina kipengo sehemu tofauti, ukilazimisha utavunja. Nyingi za DDR3 utakazopata Majengo ni za volti 1.5, ambazo laptop nyingi za DDR3L hazizitaki, zinataka za 1.35. Hiyo herufi L mwishoni ina kazi.

Feni isafishwe na pesti ya prosesa ibadilishwe. Joto la Oktoba na Novemba hapa linaifanya prosesa ijipunguzie mwendo yenyewe ili isiungue, na mteja anadhani ni virusi.

Kuhusu kununua nyingine: bado. Lakini Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo miamala ya pesa usiifanyie humo. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Tazama namba yako. Ikiwa ni kama i5-6200U, hiyo 6 ndiyo kizazi. Siku ukinunua nyingine kizazi kianzie cha 8, vinginevyo unanunua tatizo hili hili kwa bei mpya. Kuna watakaokushauri Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Mimi naipenda na nyumbani naitumia, lakini kwa steshenari nasitasita. Mwanafunzi akileta tasnifu ya kurasa 90 ikatoka kurasa 93 kwa sababu ya fonti, mtagombana wewe na yeye, na Linux haitakuwepo kukutetea.

Sasa disketi za mzee. Hizo kubwa nyeusi ni za inchi 5.25, na nyingi za wakati wake zilibeba KB 360. Ninayo 386 moja niliyoitunza, ina mdomo wa disketi za namna hiyo, naifunika khanga ili vumbi lisiingie. Ukavu wa Dodoma ni rafiki wa disketi. Za Tanga na Dar nimezikuta zimeota ukungu. Tukizisoma, barua za WordPerfect kwa kawaida zinafunguka kwenye programu ya LibreOffice, utazichapa kama kazi nyingine yoyote.

Ila usizikunje, usizishike pale kwenye tundu ambapo utando unaonekana, na usiziweke juu ya spika. Pembeni kila moja ina kipengo kidogo cha mraba. Kata kipande cha gundi-karatasi kisichopitisha mwanga, ukizibe, ili mashine isiweze kuandika chochote juu ya barua za mzee kwa bahati mbaya. Selotepu ya kung'aa haifai, maana midomo mingine huchungulia kipengo hicho kwa taa. Ziweke kwenye bahasha ngumu uje nazo Jumamosi pamoja na laptop, na usisahau chaja. Na kama mzee ana nafasi, mwambie aje naye.